Besi Katika Buti la Morisi

Watu wa Kikwajuni wana ulimi. Mwamvua alilijua hilo tangu wiki ya kwanza alipoletwa pale kutoka Makunduchi, mwaka wa sitini na tano, hina bado haijafifia mikononi. Jirani mmoja alimpokea kwa maneno haya: "Kumbe weye ndiye mke wa Borafya mbeba besi! Hongera, mwanangu." Mwamvua akashukuru, akidhani amesifiwa. Ilimchukua mwezi mzima kujua kwamba alikuwa akichekwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwaka wa hamsini na nane, klabu ya taarab ya mtaa ilirekodi sahani ya santuri. Borafya ndiye aliyekuwa mpiga besi, ile ala inayofanana na fidla lakini kimo chake sawa na mtu mzima, inayosimamishwa chini na kuvutwa nyuzi kwa vidole. Sahani ilipotoka, kila mwenye santuri aliinunua. Watu wakasikia ganuni na nyuzi zake nyingi, wakasikia mwimbaji, na zaidi ya yote wakasikia fidla ya Bakar, hasa pale katikati ya wimbo ambapo fidla inauacha wimbo, inazunguka peke yake, inapanda, inachelewa, halafu inarudi. Mji mzima uliipenda ile nakshi. Vijana wanaojifunza fidla waliiiga mpaka vidole vikatoka malengelenge. Besi hakuisikia mtu.

Bakar ndiye aliyeanzisha maneno. Alisema siku ya kurekodi, fundi wa mitambo alimwondoa Borafya karibu na maikrofoni akamsimamisha mlangoni, kwa kuwa besi ilikuwa ikiwafunika wenzake. Hilo lilikuwa kweli, na Borafya mwenyewe hakulikataa. Lakini Bakar aliongeza na lake: kwamba pale mlangoni Borafya hakupiga kitu, aliambiwa aishike tu ili picha ya klabu ipendeze. Mbeba besi! Jina likaganda. Mwaka wa sitini na nne klabu ikavunjika, ala zikatawanyika, na Borafya akarudi kwenye useremala wake wa vitanda na makasha. Basi Mwamvua akawa yu mwaka wa sita katika ndoa na mpiga besi ambaye hajapata kumsikia akivuta hata uzi mmoja.

Na yeye si mtu wa kukaa na swali. Kwao alipokuwa mdogo aliwahi kuifungua saa ya ukutani ya mjomba wake ili aone ni nani anayegonga, akapigwa, na baada ya kupigwa akauliza tena. Alipoolewa aliiazima santuri ya jirani, akatega sikio kwenye kile kispika chake kidogo mpaka kikamwacha na alama shavuni. Hakusikia besi.

Mwaka huo wa sabini, jambo lenyewe liliacha kuwa mzaha. Mtaa ulianzisha kikundi kipya cha taarab chini ya mwalimu mmoja kutoka Pemba aliyeitwa Muhiddin, na Muhiddin, ambaye fidla alishampa Bakar, akapata besi. Akampelekea Borafya salamu: njoo uijaribu, nakungoja mpaka Ijumaa ya wiki mbili zijazo, baada ya hapo nitampa mwengine. Borafya akajibu kwamba ana kazi nyingi.

"Kazi gani?" Mwamvua alimuuliza. "Kitanda kimoja kina wiki ya pili hakina miguu."

Borafya alikuwa akinoa patasi. Hakuinua macho; alimwita mkewe kwa jina la binti yao, kama siku zote. "Mama Wanu, ile sahani nimeisikiliza mara mia. Simo. Zamani nlikuwa nikisema santuri zao mbovu. Siku hizi nasema, labda nlipiga, lakini nlipiga ovyo, na yule fundi akaniweka mlangoni kwa kunisitiri. Mie mwenyewe sijapata kujisikia. Ukiwa umeikumbatia besi husikii kitu, unatikisika tu. Sasa niende nikashike ya watu, Bakar ananitazama, halafu ionekane kweli sijui?"

Mwamvua na yeye hakujua kama mumewe anajua. Hilo ndilo lililomuuma.

Siku ya pili yake, kaka yake Machano alifika na gari. Machano alikuwa dereva wa teksi, Morisi la kijivu alilolipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, na zamani aliwahi kubeba mikebe ya filamu katika sinema moja ya mjini. Alifungua buti, akatoa kitu kilichofungwa kwa gunia: spika kubwa, upana wake sawa na sinia ya pilau, karatasi yake nyeusi imechanika pembeni, na sumaku nyuma yake nzito kama jiwe la kusagia.

"Ya sinema," akasema. "Walikuwa wakiitupa. Na hapa nna amplifaya, nimeitoa kwenye gari la matangazo lililokufa. Inakula betri ya gari. Shemeji, nataka unijengee sanduku la kuitia humu ndani ya buti. Harusi yoyote ikipita, watu wasikie muziki mpaka tumboni, waseme, hilo ndilo gari la kumchukulia bibi harusi."

Borafya aliizunguka spika, akaigusa karatasi kwa kidole kimoja. Mwamvua alimwona macho yakimbadilika, akajua kwamba ameshaikubali kazi kabla hajaikubali.

"Ntakujengea," akasema. "Kwa sharti moja. Humu mtapiga sahani yoyote muitakayo, ila ile yetu."

"Nshakubali," akasema Machano, ambaye angekubali sharti lolote.

Nyumba yao haikuwa na umeme, kwa hiyo kila kitu kilifanyika nyuma ya gari, mbele ya nyumba, chini ya macho ya mtaa. Waliiziba karatasi iliyochanika kwa gundi na kipande cha kitambaa chembamba, wakaunga nyaya, wakaweka juu ya kiti santuri ndogo ya betri ya Machano. Spika yenyewe wakailaza wazi ndani ya buti. Ikatoa sauti nyembamba, ya mbu aliyefungiwa ndani ya kikopo.

"Imekufa hii," Machano akasema.

Mwamvua akaweka kiganja juu yake. Karatasi ilikuwa ikienda mbele na nyuma kwa nguvu, ikimsukuma mkono. Mbona inafanya kazi kubwa namna hii, na sauti haina? Akaondoka na swali hilo kwenda kufua. Alikuwa anaisukuma nguo ndani ya beseni alipoona: kila anaposukuma maji kwa kiganja, maji yanapita pembeni na kurudi nyuma ya mkono. Yanapelekwa na hayafiki. Akachukua kopo lililotoboka kitako, akalizamisha, akaingiza mkono uliojaa mdomo wa kopo, akasukuma. Safari hii maji yalimrukia usoni.

Akatoka mbio, mikono ina povu. "Hewa inakimbilia nyuma! Ikisukumwa mbele inazunguka kwa pembeni, inajaza kule nyuma ilikovutwa. Hakuna kinachotufikia. Mfungieni mgongo!"

Machano akamtazama dadaake, kisha akamtazama shemeji yake. "Ndiyo maana ya sanduku," akasema, kana kwamba alilijua siku zote.

Sasa Borafya alifanya kosa ambalo seremala mwengine yeyote asingelifanya. Seremala mwengine angepiga mbao nne na kumaliza. Yeye alikuwa amewahi kukumbatia besi miaka minane, na aliijua sauti nene inakokaa: inakaa ndani ya tumbo la mbao nyembamba, lenye tundu mbili za kujipinda. Basi akajenga tumbo la besi. Alikata plaiwudi nyembamba, akaikunja kwa mvuke wa maji ya moto, akachonga tundu mbili nzuri ajabu, akalipaka vanishi tabaka tatu. Siku nne hakwenda barazani. Lile sanduku lilikuwa zuri hata wanawake waliopita kwenda bombani walitua ndoo zao kulitazama. Mwamvua alifurahi, si kwa sanduku, kwa kumwona mumewe anapiga mluzi.

Wakalitia ndani ya buti, wakaweka sahani ya Kimisri. Sauti nene ikatoka, nene kwelikweli, mabati ya paa la jirani yakatikisika. Machano akacheza palepale. Watoto wakapiga makofi.

Borafya hakucheza. Alisimama ameinamisha kichwa upande mmoja. "Zima," akasema. "Washa tena." Halafu: "Mama Wanu, njoo usikilize. Ngoma ya mwanzo, na ya pili, na hii. Unasikia nini?"

Mwamvua akasikiliza. "Mmm. Halafu mmm. Halafu mmm tena."

"Sauti moja. Kule kwenye sahani wanapiga tatu mbalimbali, huku inatoka moja, na mbao inavuma juu yake." Akakaa juu ya kiti chake cha kazi, mikono imelegea. "Nimejenga ala. Ala inaimba yake, kila ukiipa neno inaongeza na la kwake. Hapa hatukutaka mwimbaji, tulitaka shahidi."

Hapo Machano alikumbuka, na Mwamvua alitamani kumpiga kwa kuchelewa kukumbuka. Nyuma ya pazia la sinema, akasema, spika hii ilikuwa ndani ya kabati kubwa baya, mbao nene, watu wanne walilibeba kwa kupokezana. Na ndani yake mlikuwa mmejaa manyoya manyoya. "Nlidhani mlinzi kaficha mto wake."

Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa ya Muhiddin ilikuwa wiki hiyohiyo.

Borafya alilivunja sanduku la kwanza kwa mikono yake, na Mwamvua alisikia uchungu kana kwamba ni yeye anayevunjwa. Halafu mumewe akatoa mbao za mninga alizoziweka kwa ajili ya kasha la biashara, nene inchi moja na nusu, akaanza upya. Safari hii hakuna mapambo. Alichonga ndimi na matundu ya kuungia, akazibana kwa gundi na parafujo, akaweka gogo la kuunga ubavu kwa ubavu ndani ili mbao zisipate nafasi ya kutikisika. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole lilijibu *tu*, likanyamaza. "Bubu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka.

Mwamvua akaleta mito miwili ya kitandani, akaipasua, akamimina sufi yote ndani.

"Na tutalalia nini?" Borafya akauliza.

"Tutalalia mikono. Ziba."

Jumatano jioni walilijaribu, na sauti ilikuja nusu. Ilikuwa safi, lakini dhaifu, na mahali fulani palikuwa pakipumua *fff, fff*. Borafya alipapasa maungio yote kwa viganja vyake vigumu vya seremala, asione kitu. Mwamvua aliingia ndani, akarudi na chetezo kinachofuka ubani. Akakipitisha polepole pembezoni mwa sanduku, moshi umesimama wima. Akapita ubavu wa kwanza, wa pili. Kwenye pembe ya chini, kushoto, moshi ukaanza kukatika vipande vipande kwa mapigo ya ngoma, ukisukumwa na kuvutwa.

"Huyo," akasema.

Borafya akatazama moshi, akamtazama mkewe, na alichokiona Mwamvua katika macho yale hakikuwa cha kusimuliwa mbele ya kaka mtu. Tundu tatu walizipata kwa ubani, ya tatu ni pale nyaya zilipoingilia. Alizipiga kalafati kama wanavyofanya mafundi wa vyombo vya baharini, pamba iliyoshindiliwa kwa patasi butu na juu yake nta.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, gari likarudishwa nyuma mpaka karibu na baraza, buti wazi. Wakaweka tena sahani ya Kimisri. Ngoma tatu zikatoka tatu, kila moja na mahali pake, na chini yake vyombo vya sauti nene ambavyo hakuna aliyejua vimo. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akachungulia ndani ya buti, akaondoka akitikisa kichwa. Mwamvua alihisi sauti inampandia kutoka kwenye nyayo, na akafikiria: kwa hiyo vitu hivi vilikuwemo siku zote. Ndani ya sahani zote. Ni vile vispika vidogo tu visivyoweza kuvitoa.

Na hapo ndipo Bakar alipotokea, kanzu imenyooshwa, mwavuli kwapani ingawa mvua hakuna.

"Asalaam aleikum. Bwana Borafya, sasa umehamia kwenye masanduku ya kelele?" Akacheka kidogo. "Nimetumwa. Muhiddin anauliza habari ya kesho. Mie nshamwambia asijisumbue, mbeba besi haji, lakini yeye mtu wa Pemba, anataka jibu kutoka kinywani mwa mwenyewe."

Watu walikuwepo kumi na zaidi. Wengine wakacheka, kwa mazoea tu. Borafya alifungua mdomo, na Mwamvua akajua kabisa anakwenda kusema nini: kwamba ana kazi nyingi.

Akaingia ndani. Akafungua kasha, akatoa ile sahani chini ya nguo za Idi. Kama besi haimo, basi ni yeye aliyemmaliza mumewe, mchana, mbele ya mtaa, mbele ya Bakar. Hapatakuwa tena na santuri mbovu ya kusingizia. Alijua hivyo, na bado miguu yake ilitoka nje, kwa sababu kutojua nako kulikuwa kukimmaliza yule mtu, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Borafya alipoiona sahani alisimama. "Mama Wanu. Tulikubaliana."

"Mlikubaliana weye na kaka. Mie hamkuniuliza."

Akaweka sindano.

Mkwaruzo kwanza. Halafu ganuni, peke yake, ikimwagika kama siku zote. Halafu fidla. Mwamvua alikuwa amefumba macho. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Mwimbaji akavuta pumzi, akaingia, na pamoja naye, kutoka mbali, kutoka kama chumba cha pili, pakaingia hatua za mtu anayetembea.

Hazikuwa za pupa wala za kusitasita. Zilikuwa zikija kila moja kwa wakati wake, sauti ya duara, ya joto, na kila ilipokuwa ikigusa chini, wimbo mzima ulitulia juu yake. Mwamvua alifumbua macho. Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa akilitazama buti kwa mdomo wazi, vidole vya mkono wa kulia vikijikunja vyenyewe.

"Yumo," mtu akasema nyuma. "Wallahi, yumo!"

Wimbo ukafika katikati, kwenye ile nakshi ya Bakar. Fidla ikauacha wimbo kama ilivyouacha miaka kumi na miwili. Lakini sasa chini yake palikuwa na besi, na besi ilikuwa imefika kwenye kona ya kugeukia, na fidla haikuwepo. Besi haikugeuka. Ikasimama papo hapo, ikapiga sauti ileile. Ikapiga tena. Juu, fidla ikipapasa, ikipanda, ikitafuta. Besi ikapiga tena ileile, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayegonga ukuta ili aliyemo gizani ajue mlango uko wapi. Fidla ikaisikia, ikateremka, ikaishika. Hapo ndipo besi ilipogeuka, na wote wawili wakarudi kwenye wimbo.

Mwamvua hakuwa na elimu ya muziki hata kidogo. Alielewa. Kila aliyekuwepo alielewa, hata Machano. Ile haikuwa nakshi. Mtu alikuwa amepotea, na mwengine akamsubiri.

Bakar alikuwa ameushika mwavuli wake kwa mikono miwili. Alingoja mpaka sahani ikaisha na sindano ikabaki ikikwaruza.

"Nlipotea," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nlisahau kabisa nlipo. Nlitoka mle chumbani nikijua utasema. Nikaona bora niseme mie kwanza, watu wasije wakakuamini." Akamsogelea. "Na wewe hukusema. Miaka yote hii, Borafya, kwa nini hukusema?"

Borafya hakumsikia. Alikuwa ameegemea mlango wa buti, machozi yanamchuruzika bila ya kuyafuta, na uso wake ulikuwa na mshangao mtupu, wa mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni asiyemtarajia.

"Mama Wanu," akasema. "Siku zote nlidhani aliyepotea ni mie. Yule mtu anajua kupiga."

"Naam," Mwamvua akamjibu, na yeye pia akilia. "Anajua."

Machano akainua sindano. Borafya akajipangusa kwa mkono wa shati, akavuta pumzi, akamgeukia Bakar.

"Hiyo besi ya Muhiddin," akamuuliza, "ina nyuzi tatu au nne?"

"Nne," akasema Bakar.